Nyanya Chini ya Nailoni: Historia ya Ukungu Shambani Pwani ya Malindi na Kilifi

Kilimo cha nyanya katika ukanda wa Malindi na Kilifi kimeandamwa na ukungu tangu kilipoanza kuwa cha biashara, na sababu iko hewani. Kati ya Mtwapa na ng'ambo ya mto Sabaki, joto la usiku ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, na upepo, uwe wa kusi au wa kaskazi, huja umebeba unyevu wa bahari. Kuvu inayoshambulia majani haidai zaidi ya hapo. Spora yake hutua juu ya jani, hupata utando mwembamba wa maji kwa saa chache, humea na kupenya ndani. Mvua za masika zinapofika kilele mwezi wa Mei, utando huo hulala juu ya jani usiku kucha. Kivungulio, nyumba ya nailoni ambayo wakulima wengi huiita grinihausi tu, kililetwa pwani kama jibu la mvua hizo. Kiliizuia mvua kweli, lakini kikaufungia unyevu ndani, na sehemu kubwa ya historia yake katika eneo hili ni ya watu kukifungua kidogo kidogo.

Nyanya, ambayo wengi wa pwani huiita tungule, asili yake ni Amerika. Wahispania waliivusha hadi Ulaya katika karne ya 16, wakati uleule ambapo Wareno walikuwa wakieneza mahindi, mihogo na mikanju katika bandari za Bahari ya Hindi. Vasco da Gama alikuwa ametia nanga Malindi Aprili 1498, na Wareno walikaa hapo hadi walipohamishia makao yao Mombasa mwaka 1593. Mahindi na mihogo vilichukua mashamba. Nyanya ilibaki mmea wa uani: miche miwili mitatu karibu na jaa, mingine iliyojiotea yenyewe kati ya mihogo, ikizaa vitunda vidogo vyenye uchachu vilivyotosha mchuzi wa siku moja. Jamaa zake pia walikuwa hapo, kwani mnavu unaopikwa kwa nazi katika nyumba za Wamijikenda na Waswahili ni wa ukoo mmoja na nyanya, sawa na biringanya, na baadhi ya magonjwa huhama kutoka mmoja hadi mwingine. Lakini mmea mmoja hapa na mwingine kule haulishi ugonjwa. Spora nyingi hutua pasipo na nyanya, zikafa.

Kilimo chenyewe kilikuwa cha kuhama. Malindi ilipofufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1860, chini ya utawala wa Sultani Majid wa Zanzibar, mashamba yake makubwa yaliyolimwa na watumwa yalipeleka mtama, mahindi na ufuta hadi Zanzibar na Arabuni. Nyuma ya mji, Wagiriama walikuwa wakisogea kutoka kwenye makaya yao kuelekea Sabaki, wakauvuka mto na kulima ng'ambo yake. Mwaka 1914, baada ya upinzani unaokumbukwa kwa jina la Mekatilili wa Menza, serikali ya kikoloni iliwafukuza kutoka ukingo huo wa kaskazini, na baada ya miaka michache ikalazimika kuwaacha warudi. Popote walipolima, utaratibu ulikuwa uleule: msitu hufyekwa na kuchomwa, shamba hulimwa misimu michache, kisha huachwa liote vichaka miaka mingi. Mkulima alihama kwa sababu ya rutuba na magugu. Hata hivyo alikuwa akiyahama magonjwa pia. Kuvu ya mnyauko, Fusarium oxysporum, ina namna yake inayoshambulia nyanya peke yake, na huweza kungoja udongoni kwa miaka bila mwenyeji. Shamba likiachwa hupungua, likirudiwa kila msimu huongezeka. Maafisa wa kilimo wa enzi ya ukoloni waliuona utaratibu wa kuhama kuwa uharibifu wa ardhi. Kwa upande wa magonjwa ya udongo ulikuwa kinga ambayo dawa yoyote iliyouzwa baadaye haikuifikia.

Mahindi ndiyo yaliyoonyesha jinsi ugonjwa wa kuvu unavyoweza kuvuka dunia na kutua pwani hii. Kutu iitwayo Puccinia polysora, mkaazi wa Amerika, ilionekana Afrika Magharibi mwaka 1949, na kufikia 1952 ilikuwa pwani ya Kenya. Mahindi ya nyanda za juu hayakuumia sana kwa kuwa kutu hii hupenda joto. Ya pwani yalibabuka majani kabla ya kubeba. Watafiti wa Muguga, kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki ambako H. H. Storey alifanya kazi, walitafuta kinga katika mbegu za Amerika ya Kati, kwa hoja kwamba ugonjwa na mmea wake vilikuwa vimeishi pamoja huko muda mrefu. Kazi ya kuzalisha mbegu za pwani ikaendelezwa na kituo cha Mtwapa, kilichotoa Coast Composite katika miaka ya 1970 na Pwani Hybrid 1 mwaka 1989. Jibu la kutu, basi, lilikuwa mbegu wala si bomba la dawa. Nyanya haikupata bahati hiyo. Mbegu zake zilitoka mbali na zilizalishwa kwa ajili ya kwingine: Marglobe, iliyotolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1925 kwa sababu ilistahimili mnyauko wa fusari, na Money Maker, aina ya Kiingereza iliyokusudiwa nyumba za kioo, ambayo kwa miongo kadhaa ilipandwa Kenya nje, kwenye jua na mvua, kinyume cha alichokuwa amekiwazia aliyeizalisha.

Mkanju, yaani mkorosho, ulipita njia nyingine, na njia hiyo ndiyo iliyowazoesha watu wa pwani kupambana na kuvu kwa unga. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ubwiri unga wa mikorosho ulitambuliwa kusini mwa Tanzania: unga mweupe wa kijivu uliofunika maua na machipukizi, na maua yakakauka bila kushika. Mavuno ya Tanzania yalikuwa tani zipatazo 145,000 katika msimu wa 1973/74. Msimu wa 1986/87 yalikuwa takriban tani 16,500. Kuhamishwa kwa wakulima kwenda vijiji vya ujamaa na bei duni vilichangia anguko hilo, pengine kuliko ugonjwa katika miaka ya mwanzo, lakini ubwiri unga ndio uliozuia mikorosho kuinuka tena. Kilifi iliujua ugonjwa huohuo. Kiwanda cha korosho cha mji huo, kilichoanza miaka ya 1970, kilifungwa miaka ya 1990 kwa sababu nyingi za kibiashara, na miti ya wakulima ikaachwa bila kupuliziwa.

Dawa iliyorudisha mikorosho ya Tanzania ilikuwa salfa, yaani kibiriti upele uliosagwa, iliyopulizwa alfajiri hewa ikiwa imetulia. Ni dawa kongwe, na kisa chake kinahusu vivungulio zaidi kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1845 mtunza bustani Edward Tucker wa Margate, Uingereza, aliona unga mweupe juu ya mizabibu iliyokuwa ndani ya nyumba ya kioo. Akaupiga kwa mchanganyiko wa salfa, chokaa na maji, ukakoma. Kuvu hiyo iliitwa kwa jina lake kabla haijaenea mashamba ya mizabibu ya Ulaya. Karibu miaka arobaini baadaye, huko Médoc, Ufaransa, Pierre-Marie-Alexis Millardet alitambua kwamba mizabibu ya kando ya barabara, iliyonyunyiziwa mrututu na chokaa ili wapita njia wasiibe zabibu, haikupukutika majani kwa ukungu kama mingine. Alitangaza dawa hiyo mwaka 1885. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na viungo vyote viwili: chokaa ya matumbawe imechomwa hapa kwa karne nyingi kwa ajili ya kujengea, na mrututu ulijulikana kama dawa ya vidonda. Kilichokosekana ni zao la nyanya la kutosha kumfanya mtu avichanganye.

Maarifa ya serikali kuhusu magonjwa ya nyanya yalitoka bara. Mwaka 1941 bakajani chelewa, ugonjwa uleule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845, uliingia Kenya na kuenea katika viazi na nyanya za nyanda za juu. R. M. Nattrass, mtaalamu wa magonjwa ya mimea katika maabara ya Scott huko Kabete, aliandika juu yake, na mwaka 1961 akachapisha orodha ya kuvu na bakteria za mimea ya Kenya ambayo imerejelewa kwa miaka mingi. Ushauri uliotokana na kazi ya namna hiyo ulilenga Kiambu na maeneo mengine ya baridi, na bakajani chelewa hustawi hasa kati ya nyuzi 15 na 22. Malindi haina ubaridi huo. Ugonjwa wa madoa wa pwani ni bakajani tangulia, Alternaria solani, unaopenda nyuzi 24 hadi 29 na kuacha madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, ukianzia majani ya chini yaliyozeeka. Wakulima waliyaita yote blaiti, wauza dawa nao wakaitikia, na dawa ikawa moja.

Kosa hilo dogo la jina lilikuwa na gharama. Metalaksili, iliyoingia sokoni duniani mwaka 1977, hupenya ndani ya mmea na ni kali dhidi ya jamii ya bakajani chelewa, ambayo kibayolojia hata si kuvu halisi bali ni ndugu wa mbali wa mwani. Kwa Alternaria haina kazi. Pakiti nyingi zinazouzwa huichanganya na mankozebu, dawa ya mapema miaka ya 1960 inayobaki juu ya jani na kuzuia spora zisimee. Mkulima wa pwani aliyenunua mchanganyiko huo kwa bei ya juu na kuona umesaidia alikuwa amesaidiwa na mankozebu, ambayo angeipata peke yake kwa pesa kidogo. Metalaksili nayo ilipata mpinzani mapema: kufikia 1980 viazi vya Ireland na Uholanzi vilikuwa na ukungu usioijali tena.

Kilichoitoa nyanya uani ni mji. Malindi ilikuwa na hoteli za wageni tangu miaka ya 1930, lakini Waitaliano waliofika Ngomeni miaka ya 1960 kujenga kituo cha San Marco, ambacho kilirusha setilaiti yake ya kwanza kutoka jukwaa la baharini tarehe 26 Aprili 1967, waliacha nyuma yao jamii ya wakaazi, hoteli na mikahawa ambamo mchuzi wa nyanya si kiungo bali ndio chakula. Mombasa nayo ilikua. Sehemu kubwa ya nyanya iliyoliwa pwani ilishuka kwa lori kutoka Taveta, Loitokitok na Tanzania hadi soko la Kongowea. Wakulima wa kando ya Sabaki, kuanzia Lango Baya na Jilore hadi Kakuyuni, walipanda kwa maji ya mto wakati wa kiangazi, wakavuna kaskazi likivuma na majani yakiwa makavu, kisha wakaiachia masika shamba lao. Kuanzia Aprili nyanya ya hapa hutoweka na bei hupanda. Inashangaza kidogo kwamba pengo hilo lilikuja kutangazwa kama soko la hoteli, kwa kuwa Aprili hadi Juni ndiyo miezi ambayo hoteli za Malindi huwa tupu. Mnunuzi wa nyanya ya masika ni mama wa nyumbani wa mitaa kama Majengo na Kisauni, naye hununua mafungu.

Kivungulio kilikuja kujaza pengo hilo. Nyumba za kioo za Ulaya zilikusudiwa kuhifadhi joto, na kioo kilizifanya kuwa mali ya matajiri hadi Emery Emmert wa Chuo Kikuu cha Kentucky alipojenga mwaka 1948 nyumba iliyofunikwa kwa karatasi angavu za bei nafuu, na baadaye plastiki. Nchini Kenya teknolojia hiyo ilishika mizizi Naivasha kwa maua, hasa kuanzia miaka ya 1980. Kuanzia karibu 2009 ilishuka kwa mkulima mdogo: kampuni ziliuza seti kamili yenye fremu, nailoni, tangi, mipira ya matone, mbegu na dawa, kwa vipimo kama mita 8 kwa 15. Vikundi vya vijana na wanawake, shule na makanisa vikazipata kwa mikopo, kwa wafadhili au kwa fedha za maeneobunge. Katiba ya 2010 ilipokabidhi kilimo kwa kaunti na serikali ya Kaunti ya Kilifi kuanza kazi mwaka 2013, kivungulio kilikuwa tayari ni alama ya kilimo cha kisasa, kitu cha kupigwa picha siku ya kukabidhiwa.

Ramani ya nyumba hizo ilikuwa ya kwingine. Naivasha iko mita zipatazo 1,900 juu ya bahari, na usiku wake ni baridi. Majangwa ya Israeli, ambako sehemu kubwa ya ujuzi huo ilitoka, ni makavu. Katika sehemu zote mbili kufunga kuta za nailoni jioni kuna maana. Kilifi hakuna. Ndani ya nyumba fupi yenye kuta za nailoni, adhuhuri ya Februari joto huvuka nyuzi 35, chavua hufa na maua huanguka. Hasara hiyo huonekana haraka na mkulima hujua la kufanya. Hasara ya usiku ndiyo iliyochukua muda kueleweka.

Alfajiri ya mwezi wa Mei, upande wa ndani wa paa la nailoni huwa umejaa matone. Nailoni hupoa usiku, mvuke wa udongo uliomwagiliwa jana na wa mimea yenyewe hugonga paa na kugeuka maji, na fremu inapotikiswa na upepo wa bahari matone hunyesha juu ya majani kama mvua ndogo ambayo hakuna aliyeiona ikija. Jua likichomoza kuta zikiwa bado zimefungwa, majani hubaki mabichi hadi saa tatu. Hapo ndipo hustawi ugonjwa ambao mkulima wa nje huuona kwa nadra: ukungu wa majani, ambao kuvu yake, Passalora fulva, ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1883 kutokana na sampuli ya Marekani. Juu ya jani hutokea mabaka ya manjano yasiyo na mpaka. Jani likigeuzwa, chini ya kila baka kuna manyoya laini ya rangi ya zeituni, na kidole kikipita juu yake hubeba maelfu ya spora. Kuvu hii hutaka unyevu wa hewa unaozidi asilimia 85 na joto la nyuzi 22 hadi 25, ambao ndio usiku wa kawaida wa Kilifi wakati wa masika. Haihitaji mvua hata tone. Mkulima aliyeambiwa kuwa nailoni ni kinga ya blaiti aliona majani ya chini yakinyauka, akaongeza dawa, na kwa kuwa dawa ilipulizwa juu ya jani ilhali kuvu iko chini yake, haikumfaa.

Udongo ulileta tatizo la pili, ambalo ni zito zaidi. Kivungulio hakihami. Nyanya hufuata nyanya mahali palepale msimu baada ya msimu, kwa sababu mkopo unalipwa kwa nyanya, na kila msimu huacha mizizi yake. Udongo wa mchanga wa eneo hili hupendwa na minyoo fundo, ambao hutoboa mizizi na kuifungulia fusari mlango. Kuna pia kuvu ya shingo, Sclerotium rolfsii, iliyoripotiwa na P. H. Rolfs kwenye nyanya za Florida mwaka 1892: huzunguka shina usawa wa udongo kwa nyuzi nyeupe zenye vidonge vidogo vya kahawia mfano wa mbegu za haradali, na vidonge hivyo hulala ardhini miaka. Hupenda joto na unyevu pamoja. Nyumba nyingi zilivuna vizuri misimu ya mwanzo, kisha mimea ikaanza kuanguka mmoja mmoja, na fremu zikabaki wazi, nailoni ikipasuka kwa jua na upepo.

Mnyauko wenyewe uliwachanganya wengi, kwa kuwa bakteria Ralstonia solanacearum huleta sura inayofanana na fusari, na hakuna dawa ya ukungu inayoigusa. Maafisa wa kilimo walifundisha jaribio lisilogharimu kitu. Shina la mmea unaonyauka hukatwa karibu na ardhi, kipande chake huning'inizwa ndani ya gilasi ya maji safi, na gilasi huachwa itulie dakika chache. Uzi mweupe wa maziwamaziwa ukishuka kutoka kwenye shina, ni bakteria. Maji yakibaki safi, na shina likipasuliwa likaonyesha mistari ya kahawia chini ya ganda, huku majani ya mmea yakiwa yameanza kugeuka manjano upande mmoja kabla ya mwingine, ni fusari. Tofauti ina uzito: bakteria huua mmea ungali na majani ya kijani, kwa siku chache, na husafiri na maji na panga la kupogolea, fusari huchukua wiki kadhaa na hukaa palepale. Kwa vyovyote mmea hung'olewa na udongo wa mizizi yake na kuteketezwa nje ya nyumba. Kupuliza mrututu juu ya mmea wa namna hiyo, kama ilivyofanyika mara nyingi, ni kuupaka rangi ya buluu.

Marekebisho yalianza kwa kuta. Nailoni za pembeni zikakunjwa juu na hatimaye zikaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na wavu. Wavu ulipata sababu nyingine mwaka 2014, nondo Tuta absoluta alipoingia Kenya. Chuo Kikuu cha Egerton na washirika wake walikuwa tayari wamejaribu kufunika mboga kwa nyavu zilizotengenezwa Arusha na kiwanda cha vyandarua vya mbu, na matokeo yalionyesha kwamba mboga inaweza kulindwa bila kufungiwa hewa. Wavu wenye matundu madogo sana huzuia wadudu lakini pia hupunguza upepo, kwa hiyo pwani kila hatua ya usalama dhidi ya inzi weupe ililipiwa kwa unyevu kidogo zaidi. Waliojenga upya waliinua paa na kuacha mwanya juu kabisa, upande usioelekea kusi, ili hewa moto itoke. Nyumba iliyotokea, paa la nailoni juu ya wavu mtupu, ni mwavuli zaidi kuliko nyumba.

Kazi za kila siku nazo zilibadilika, na hapa ndipo ukungu hushindwa au hushinda. Machipukizi ya ubavuni huondolewa kila wiki yakiwa bado madogo, asubuhi iliyokauka ili kidonda kifunge. Majani yaliyo chini ya kishada kinachoiva hukatwa yote, jambo ambalo wakulima wapya huliogopa kwa kuona ni kuupunguzia mmea chakula, ilhali majani hayo ndiyo ngazi ambayo bakajani tangulia hupandia. Mipira ya matone hufunguliwa asubuhi, kamwe si jioni, ili uso wa udongo ukauke kabla ya giza. Miche ikibanana kitaluni hupata kinyausi na kulala chini usiku mmoja. Dawa yake ni mchanga unaopitisha maji na mkono mwepesi wa kumwagilia. Dawa ya kopa, yaani shaba, au ya salfa hutangulizwa kabla ya madoa, hasa wiki za kwanza za Aprili. Salfa haipulizwi jua likiwa kali, kwani joto likivuka nyuzi 32 hivi huunguza jani lenyewe. Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, iliyotokana na sheria ya 1982, hudai kila chupa iandikwe siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Sheria hiyo huvunjwa kwa urahisi kivungulioni, ambako nyanya huiva kila siku na mnunuzi yuko mlangoni.

Kwa udongo, jua la pwani liligeuzwa kuwa chombo. Jaacov Katan na wenzake nchini Israeli walionyesha mwaka 1976 kwamba udongo uliolowanishwa na kufunikwa kwa nailoni angavu wiki nne hadi sita hupata joto la kuua kuvu nyingi za mizizi. Januari hadi Machi huko Malindi mbingu ni safi na kivungulio huwa hakifai kwa nyanya kutokana na joto, kwa hiyo msimu usio na faida unapata kazi. Njia hii hupunguza tu. Haifuti, na chini kabisa ambako joto halifiki fusari hubaki. Kuvu rafiki Trichoderma, ambayo Richard Weindling alionyesha mwaka 1932 kuwa hula kuvu nyingine udongoni, huuzwa siku hizi kwa pakiti katika maduka ya agroveti na hufanya vizuri zaidi baada ya udongo kupikwa hivyo kuliko katika udongo wenye wapinzani wengi. Mbegu chotara zenye kinga, kama zinavyotambulishwa na herufi F kwenye pakiti kwa maana ya fusari, zimepunguza vifo, ingawa kuvu hiyo ina makundi kadhaa na kinga ya kundi moja si kinga ya jingine.

Wengine wameuacha udongo kabisa na kupanda kwenye mifuko. Makumbi ya nazi, ambayo wanawake wa pwani wameyafukia kwenye matope ya bahari na kuyapiga kwa ajili ya kamba tangu zamani, huacha vumbi la kahawia ambalo duniani kote limekuwa udongo mbadala wa vivungulio. Hubeba maji na hewa kwa pamoja, halina historia ya nyanya ndani yake, na mfuko mmoja ukipata mnyauko hutolewa bila kugusa jirani. Vumbi linalotokana na makumbi yaliyolowekwa baharini lazima lioshwe kwa maji baridi mara kadhaa hadi chumvi iishe, na visima vingi karibu na ufuo vina maji ya chumvichumvi yasiyofaa kuoshea. Lisipooshwa vizuri, kingo za majani ya nyanya huungua na kugeuka kahawia kuanzia nchani, na mkulima anayeyaona madoa hayo kwa mbali hukimbilia tena dukani kununua dawa ya blaiti.